Yasmin kavuka Darajani, Mwajuma je?

Kwenye vichekesho tunavyotumiana kwa simu, Mhindi ana kazi moja: kukaa nyuma ya kaunta na kuvunjavunja Kiswahili. "Weye nataka nini?" Watu wanacheka, basi. Ndiyo maana Vuta N'Kuvute, filamu huru ya Amil Shivji iliyooneshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, ilinigusa kwa jambo ambalo huenda wengi hawakulitilia maanani: Yasmin, binti wa Kihindi, anazungumza Kiswahili kama mwenyeji, na hakuna anayemshangaa.

Kisa kimetoka kwenye riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999. Ni Unguja ya miaka ya 1950, Mwingereza bado anatawala. Yasmin anaikimbia ndoa aliyoozwa kwa mwanamume aliyemzidi umri mno, anahifadhiwa na Mwajuma huko Ng'ambo, upande wa mji walikoishi Waafrika wengi, kisha anampenda Denge, kijana wa harakati anayewindwa na polisi. Leo kutoka Mji Mkongwe kwenda Ng'ambo ni kukata barabara tu pale Darajani. Daraja lenyewe halipo, hori lilishafukiwa, limebaki jina. Kwa Yasmin wa wakati ule, hatua hizo chache zilikuwa kukatana na ukoo mzima.

Sasa lipo swali: filamu ya kudai uhuru wa Waafrika, mbona tunaitazama kwa macho ya Yasmin? Si swali la chuki. Mwajuma, aliyeigizwa na mwimbaji wa taarabu Siti Amina, ndiye mwenye nyumba, ndiye mwenye maneno, ndiye anayeujua mtaa. Lakini kila akitokea, yupo kwa ajili ya mgeni wake. Yeye mwenyewe anataka nini maishani? Nilitoka na kiu hiyo. Na kusema "ndivyo riwaya ilivyo" hakutoshi, maana aliyeikata riwaya nene ikaenea kwenye filamu ya saa moja na nusu alichagua nani abaki na nani apunguzwe.

Hata hivyo, wanaotaka Yasmin asogezwe pembeni siwaungi mkono. Mzanzibari hawezi kutazama penzi la binti wa Kihindi na kijana wa Kiafrika kama penzi tu. Mwaka 1970, miaka sita baada ya Mapinduzi, wasichana wa asili ya Kiajemi waliozwa kwa lazima kwa vigogo wa serikali visiwani, na jambo hilo bado linasemwa kwa sauti ya chini. Filamu inaishia mbali kabla ya hapo, lakini kivuli kipo. Ukimtazama Yasmin kwa macho ya Denge peke yake, anageuka tuzo ya mwanaharakati. Akikaa katikati, tunamwona akichagua: kwanza kuondoka, kisha kupenda, kisha kuingia kwenye mapambano kwa miguu yake.

Kwa hiyo ugomvi wangu si kwamba Yasmin kapewa nafasi kubwa mno. Mwajuma ndiye aliyepunjwa. Mwaka 2022 Tanzania iliipeleka filamu hii kuwania Oscar, na sidhani kama huko kuna aliyeliona pengo hilo. Mhindi yupo, Mwafrika yupo, mwanamke yupo, hesabu imetimia. Mimi ningekata tiketi nyingine kuona siku moja tu ya Mwajuma, kabla Yasmin hajapiga hodi.