Nyuso za manusura barabarani: kuwaenzi au kuwaanika?

Mei 2019, mjini Vienna, nyuso za wazee zilitundikwa kando ya barabara ya Burgring, hatua chache kutoka uwanja wa Heldenplatz. Walikuwa manusura wa mateso ya Wanazi, wengi wao Wayahudi waliopona Holokosti, maangamizi yaliyoua Wayahudi milioni 6. Aliyewapiga picha ni Luigi Toscano, Mjerumani mwenye asili ya Italia, ambaye tangu 2014 amezunguka nchi nyingi akiwatafuta wazee hawa, na amekwisha kupiga picha za zaidi ya 400. Hapakuwa na tiketi wala mlango. Mtu anawahi kazini, anainua macho, anakutana uso kwa uso na bibi wa miaka tisini, sura yake imejaa kwenye kitambaa kikubwa kuliko mpita njia mwenyewe, kila kunyanzi linaonekana.

Mwezi haujaisha, picha zile zilikuwa zimeshambuliwa mara kadhaa. Zilikatwa kwa visu, zikapakwa alama za swastika, nembo ya Wanazi, kisha zikachanwa tena, nyingine usoni kabisa. Ndipo vijana wa shirika la Kikatoliki la Caritas, vijana wa jumuiya ya Waislamu wa Austria na wasanii wa mjini humo walipoamua kukesha hapo kuzilinda hadi maonyesho yafungwe. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Wengine walileta sindano na uzi, wakazishona nyuso zilizochanika.

Tangu hapo, kila mjadala kuhusu picha za manusura katika maeneo ya wazi humalizikia kwenye kisa hicho. Wanaounga mkono husema: mnaona, mji umeamka. Wanaopinga husema: mnaona, mmewapeleka wazee kuchomwa visu upya. Mimi ni miongoni mwa wanaounga mkono, lakini hoja ya mji kuamka naiona dhaifu, na hoja ya visu naiona nzito kuliko inavyopewa uzito.

Nianze na sababu ya kuziweka barabarani badala ya makumbusho. Machi 1938, Ujerumani ilipoimeza Austria, Wayahudi wa Vienna walitolewa majumbani, wakapigishwa magoti na kulazimishwa kusugua lami kwa brashi huku majirani wakiwazunguka na kucheka. Siku zile za mwanzo unyama haukufichwa. Ulifanyika mbele ya maduka, mchana kweupe, na asiyecheka alijitia hamnazo akaendelea na safari yake. Kwenye Heldenplatz penyewe umati mkubwa ulimshangilia Hitler tarehe 15 mwezi huohuo. Kati ya Wayahudi wa Austria, takriban 65,000 waliuawa katika miaka iliyofuata. Ukijua hayo, Burgring si mahali palipochaguliwa kwa sababu watalii ni wengi. Mtu aliyedhalilishwa mbele ya wapita njia anarudishiwa heshima mbele ya wapita njia. Makumbusho hayawezi kufanya kazi hiyo, kwa sababu anayeingia makumbusho ameshaamua kutazama.

Kuna jambo jingine ambalo wanaosifu picha hizi hulisahau. Wanazi nao walitundika nyuso za Wayahudi hadharani. Novemba 1937 walifungua mjini Munich maonyesho makubwa ya propaganda, wakayapeleka Vienna mwaka uliofuata, yakiwa na picha zilizochaguliwa na kupangwa ili mtazamaji achukie pua, macho na ndevu za watu. Kwa hiyo uso mkubwa ukutani peke yake hauna upande. Unaweza kumfanya mtu aheshimiwe, na unaweza kumfanya awindwe. Kinachotofautisha ni nani alishika kamera, mwenye uso alikubali nini, na maneno gani yako chini ya picha.

Hapo ndipo hoja ya visu inaponigusa. Mzee wa Toscano alikubali kupigwa picha, akakubali itundikwe. Je, alikubali kuona shavu lake limepasuliwa na kuchorwa swastika, kwenye simu ya mjukuu wake, akiwa na umri wa miaka 90? Tunapotangaza kwamba shambulio lile limeifichua chuki iliyokuwa imejificha, tunasahau nani ameulipia ufichuzi huo. Hakuulipia mpiga picha wala meya. Kuna Wayahudi wenyewe waliolifikiria hili mapema. Mjini Munich, Charlotte Knobloch, kiongozi wa jumuiya ya Wayahudi na yeye mwenyewe manusura, alipinga kwa miaka mingi vile vibao vya shaba vya msanii Mjerumani Gunter Demnig, vyenye majina ya wahanga, vinavyopachikwa njiani mbele ya nyumba walizoishi. Alisema majina ya waliouawa hayapaswi kukanyagwa tena. Baraza la mji likavizuia kwenye ardhi ya umma, ingawa huko kwingine Ulaya vimeenea na mwaka 2023 vilifika 100,000.

Wengi waliona huo ni ukaidi. Lakini angalia ulizaa nini. Tangu 2018 Munich inaweka alama zake ukutani au juu ya nguzo, usawa wa macho, mbele ya nyumba husika, na picha ya mhanga inapopatikana huwekwa pamoja na jina lake na alichofanyiwa. Huwezi kuikanyaga. Unasimama nayo mlangoni kwake, unajua alitoka mlango huu. Kwangu mimi hicho ni kipimo kizuri cha picha ya hadharani, na kimetoka kwa mtu aliyekataa kukubali haraka.

Ugumu mkubwa zaidi hauhusu visu. Unahusu ni nani tunamtazama. Manusura ndiye aliyebaki hai, na kubaki hai hakukuwa hali ya kawaida. Safu ndefu ya wazee, baadhi wakitabasamu, inaweza kumwacha mpita njia na hisia kwamba mwisho wa mambo ulikuwa afadhali. Wengi hawakufika uzee, na wengi hawana hata picha moja.

Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi huko Poland, inalionyesha hili waziwazi. Kambi ile ilikuwa na idara ya kupiga picha wafungwa waliosajiliwa, kila mmoja mara tatu: ubavuni, usoni, na akiwa amevaa kofia au kitambaa. Mmoja wa wapiga picha alikuwa mfungwa wa Kipolandi, Wilhelm Brasse. Januari 1945 alipoamriwa kuziteketeza, yeye na mwenzake walihujumu amri hiyo, na karibu picha 39,000 zipo hadi leo. Lakini Wayahudi walioshushwa kwenye treni na kupelekwa moja kwa moja kwenye vyumba vya gesi hawakusajiliwa, hawakupewa namba, hawakupigwa picha. Kati ya watu milioni 1.1 waliouawa pale, hao ndio wengi. Yaani kumbukumbu yetu ya nyuso, hata tukiichunga namna gani, imeegemea upande wa wale ambao muuaji aliwapa muda kidogo.

Wapo wanaosema, basi tubaki na majina, kama ukuta uliozinduliwa Vienna Novemba 2021 wenye majina zaidi ya 64,000. Ukuta ule unahitajika. Ila majina 64,000 yanakupa ukubwa wa jambo, hayakupi mtu. Walioligundua hili vizuri wako karibu nasi. Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyoko Gisozi, Kigali, ilifunguliwa 2004 kwa msaada wa shirika la Aegis Trust, lililoanzishwa na ndugu wawili Waingereza ambao miaka ya nyuma walikuwa wameanzisha kituo cha kuikumbuka Holokosti huko Nottinghamshire. Uhusiano kati ya kumbukumbu hizo mbili ni wa moja kwa moja. Gisozi kuna chumba cha watoto. Picha ni kubwa, ya mtoto siku ya furaha, na chini yake maneno machache: jina, umri, chakula alichopenda, rafiki yake mkubwa, na namna alivyouawa. Mstari wa chakula na mstari wa panga viko kwenye kibao kimoja. Hakuna anayetoka pale akidhani mambo yaliisha salama.

Picha za manusura zinazotundikwa mijini Ulaya na Marekani zingekopa hapo. Chini ya uso wa bibi wa Burgring pawe na mji aliozaliwa, kambi alizopitia, na majina ya walioondoka naye nyumbani wasirudi: mama, kaka wawili, shangazi. Pale ambapo picha ya mmoja wao ilisalia, hata iwe ndogo na imefifia, iwekwe pembeni ya uso wake. Hapo mzee huyu haonyeshi tu kwamba yeye alipona. Anawaleta waliokosa picha, na mpita njia anaona hesabu haikubaliani.

Muda wa kuyafanya haya unakwisha. Januari 2024, taasisi inayosimamia fidia za manusura, Claims Conference, ilikadiria kuwa Wayahudi takriban 245,000 waliopona Holokosti walikuwa bado hai, nusu yao wakiwa na miaka 86 au zaidi. Karibuni picha hizi zote zitakuwa za marehemu, na ridhaa waliyotoa wakiwa hai itaanza kutafsiriwa na watu wengine: wajukuu, mashirika, halmashauri za miji, wanasiasa wanaotafuta mandhari ya hotuba. Wapiga picha walio kazini sasa wangepaswa kuwauliza wazee wenyewe mambo matatu na kuyaandika mbele yao. Picha yangu itundikwe wapi nikishakufa? Nani asiruhusiwe kuitumia? Ikichanwa, ishonwe ionekane ilichanwa, au iondolewe?