Deni wanalomdai Charley Pride

Tangu Beyoncé atoe mwaka 2024 albamu ya Cowboy Carter, yenye muziki wa kantri wa Marekani, jina la Charley Pride limerudi midomoni mwa watu, na mara nyingi linarudi na lawama. Wanaomlaumu wana hoja hii: huyu alikuwa mwimbaji mweusi aliyefika kileleni mwa muziki wa kantri wakati Wamarekani weusi wakipigania haki zao barabarani. Alipendwa na weupe kwa mamilioni, kisha akanyamaza. Hakuimba nyimbo za kudai haki na hakuacha mlango wazi kwa wenzake. Wanaomtetea hujibu kwa kuorodhesha tuzo zake, kana kwamba tuzo ni jibu. Mimi naona pande zote mbili zinampunja, ila wanaomlaumu wanampunja zaidi.

Alizaliwa mwaka 1934 huko Sledge, Mississippi, mmoja wa watoto 11 wa mkulima wa pamba aliyelima shamba la mtu kwa kugawana mavuno. Baba yake alikuwa akifungulia redio Grand Ole Opry, kipindi cha muziki wa kantri kutoka Nashville, mji ulio kitovu cha muziki huo, na mtoto akajifunza kuimba kwa kufuatisha alichokisikia. Kwa hiyo swali aliloulizwa maisha yake yote, kwa nini unaimba muziki wa weupe, lilikuwa na kasoro tangu mwanzo. Banjo ina asili ya Afrika Magharibi na ilifika Amerika pamoja na watumwa. DeFord Bailey, mweusi mpiga harmonika, alikuwa kipenzi cha wasikilizaji wa Opry hiyohiyo tangu miaka ya 1920 mpaka alipoachishwa kazi mwaka 1941. Kampuni za santuri ndizo zilizoligawa soko mafungu mawili, santuri za weusi huku na za weupe wa mashambani kule, ilhali majirani walikuwa wanapiga nyimbo zilezile. Pride aliimba alicholelewa nacho, basi.

Alitaka kwanza kuwa mchezaji wa besiboli. Alichezea timu za ligi ya weusi, ikiwemo Memphis Red Sox, akaishia Montana akifanya kazi katika kiwanda cha kuyeyusha madini na kuimba baa usiku. Kutoka huko ndipo kanda yake ikamfikia Chet Atkins, mkuu wa kampuni ya santuri ya RCA mjini Nashville. Atkins aliwasikilizisha wakubwa wenzake ile kanda, wakaisifu, ndipo akawaambia mwimbaji ni mtu gani. Walikubali kumsajili, lakini santuri zake za mwanzo za mwaka 1966 zilipelekwa kwenye vituo vya redio bila picha yake. Watangazaji wa Kusini mwa Marekani walizipiga, wasikilizaji wakapiga simu kuziomba tena, na wengi hawakujua kabisa kwamba ni mweusi.

Kisha ikaja siku ya kuonekana. Katika ukumbi wa Olympia, Detroit, mwaka huohuo, jina lake lilipotajwa maelfu ya watu walipiga makofi. Alipotokea jukwaani makofi yakafifia, ukumbi ukawa kimya. Pride akawaambia kwamba anajua ni jambo la kipekee kidogo kwa yeye kusimama pale kuimba kantri akiwa na ngozi hii iliyoungua na jua, rangi isiyofutika. Watu wakacheka, wakapiga makofi, naye akaanza kuimba.

Maneno hayo ndiyo yanayotumiwa sana dhidi yake. Wanaomlaumu wanasikia mtu anayeomba radhi kwa rangi yake. Sisikii hivyo hata kidogo. Nasikia mtu aliye peke yake mbele ya umati, ambaye angeweza kujifanya haoni kilichotokea, akaamua kukitaja yeye kwanza na kwa maneno aliyoyachagua mwenyewe. Halafu akabaki jukwaani. Huo ulikuwa mwaka 1966. Miaka miwili baadaye Martin Luther King aliuawa Memphis, mji ambao Pride aliwahi kuuchezea besiboli, na yeye aliendelea kuzunguka kumbi za Kusini ambazo mara nyingi mweusi pekee ndani yake alikuwa yeye. Anayesema hakuhitaji ujasiri ajaribu kufikiria safari moja tu kati ya zile, usiku, katika barabara za Texas au Louisiana.

Lakini kuna takwimu moja ambayo haimezeki kirahisi kwa mtetezi wake yeyote, na sioni sababu ya kuikwepa. Kati ya mwaka 1969 na 1983 Pride alifikisha nyimbo 29 kwenye nafasi ya kwanza ya chati ya kantri ya jarida la Billboard. Ule wa mwisho ulikuwa "Night Games". Baada ya hapo hakuna mwimbaji mweusi wa kujitegemea aliyefika nafasi hiyo mpaka Darius Rucker mwaka 2008. Ni miaka 25. Ray Charles aliifikia mwaka 1985, lakini aliimba na Willie Nelson. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa "Night Games" angemaliza chuo na kuanza kazi kabla ya sauti ya mweusi peke yake kusikika tena pale juu.

Kwa wanaomlaumu, hesabu hii inafunga kesi. Pride alikuwa mmoja aliyeruhusiwa, na kuwepo kwake kuliipa Nashville kisingizio: tuna Charley, basi sisi si wabaguzi. Hoja hiyo ina nguvu, na ushahidi wake unaonekana hata wakati yeye yuko kileleni. Linda Martell aliimba kwenye Opry mwaka 1969, mwanamke mweusi wa kwanza kusimama pale peke yake, akarekodi chini ya lebo (kampuni ya santuri) iliyojiita Plantation, neno linalokumbusha mashamba ya watumwa, na baada ya albamu moja safari yake ikakatika. Stoney Edwards na O. B. McClinton, weusi pia, walirekodi katika miaka ya 1970 na hawakukaribia kamwe nafasi ya kwanza. Wote walikuwepo wakati Pride anauza santuri kwa wingi ambao RCA haikuuona tangu Elvis Presley.

Nimeigeuza takwimu hii mara nyingi, na kila nikiirudia inanipeleka kwingine. Sababu iliyokuwa ikitolewa na kampuni ilikuwa kwamba mashabiki weupe hawako tayari kununua sauti ya mweusi. Sababu hiyo ilikufa mwaka 1971 kabisa, pale Chama cha Muziki wa Kantri kilipomchagua Pride kuwa mburudishaji bora wa mwaka. Mashabiki walikuwa wamenunua, kwa pesa zao, mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo miaka 25 haiwezi kuelezwa kwa mashabiki. Tuangalie chati yenyewe ilivyokuwa ikitengenezwa: tangu mwanzoni mwa 1990 mpaka 2012, chati kuu ya nyimbo za kantri ilihesabiwa kwa upigaji wa redio tu. Mauzo hayakuingia. Nafasi ya kwanza ilikuwa ni matokeo ya uamuzi wa wapangaji vipindi, wachache kwa idadi, wakiamua wimbo upi upigwe mara ngapi kwa wiki. Na kabla ya redio, kulikuwa na mameneja wa lebo wakiamua nani asajiliwe na nani apewe pesa za kutangazwa. Pride mwenyewe aliondoka RCA mwaka 1986 akilalamika kwamba kampuni imewaelekezea vijana nguvu zote. Mtu ambaye hakuweza kuizuia kampuni yake kumsahau yeye, angeilazimishaje iwakumbuke wengine?

Ipo hoja moja dhidi yake ambayo sijaweza kuijibu kikamilifu, na ni nzito kuliko ile ya Detroit. Pride aliwainua watu. Alimsikia Ronnie Milsap akiimba Los Angeles akamshauri ageukie kantri, kisha akampa nafasi ya kumfungulia maonyesho. Kundi la Dave & Sugar lilianza kama waitikiaji wake. Neal McCoy alizunguka naye kwa miaka. Wote walifaulu, na katika hao hakuna mweusi. Mtu anaweza kusema kwamba nyota mweusi kuzunguka na mweusi mwingine kwenye kumbi zile kungemwongezea hatari mara mbili, na mapromota wangemgomea. Huenda ni kweli kwa mwaka 1967. Kwa mwaka 1977, akiwa na jina lile, maelezo hayo yanapwaya.

Lililoniudhi zaidi katika mjadala huu ni jinsi watu wanavyomsemea bila kumsikiliza. Pride hakuwa bubu. Katika mahojiano ya miaka ya 1990 alieleza kwamba kwanza aliulizwa anajisikiaje kuwa mwimbaji wa kantri wa kwanza "colored", baadaye "Negro" (majina ya zamani ya watu weusi), baadaye mweusi, baadaye Mmarekani mwenye asili ya Afrika, na kwamba jina hilo ndilo pekee lililobadilika. Nchi yake, alisema, imeliwa na mambo ya rangi, na huo ni ugonjwa. Aliyesema hivyo hakuwa amesahau alikotoka. Alikuwa anakataa kuwa maonyesho ya rangi yake kila anapofungua mdomo. Katika kitabu chake cha maisha cha mwaka 1994 alizungumza pia waziwazi kuhusu ugonjwa wa akili aliopambana nao, wakati ambapo wanaume wengi wa kantri hawakuthubutu kuligusa jambo hilo.

Na alikuwa na namna yake ya kuchukua msimamo. Mwaka 1976, Belfast ikiwa inalipuliwa kwa mabomu katika mgogoro wa Wakatoliki na Waprotestanti, na wasanii wengi wa nje wakikataa kukanyaga Ireland ya Kaskazini, yeye alikwenda akaimba. Wakatoliki na Waprotestanti walikaa ukumbi mmoja, na wimbo wake "Crystal Chandeliers" ukawa wa pande zote mbili. Hakuhutubia. Alifika tu, akaimba alichotangaza kuimba. Sijui ni kwa nini kitendo kama hicho kinahesabiwa ujasiri huko Belfast na kinahesabiwa woga Mississippi.

Alikufa Desemba 12, 2020, kwa matatizo ya Korona, mwezi mmoja baada ya kupewa tuzo ya heshima ya maisha na chama kilekile cha kantri. Mpaka siku hiyo hakuna mweusi mwingine aliyekuwa amepata ile tuzo ya mburudishaji bora wa mwaka aliyoipata yeye mwaka 1971. Hilo la kutomwinua mweusi mwenzake namdai na mimi. Ila ile miaka 25 inadaiwa na waliokuwa wakisaini mikataba na kupanga nyimbo redioni, na lawama inamwangukia Pride kwa sababu kati ya watu wote waliohusika, yeye ndiye tunayelijua jina lake.