Cherehani, Mawese na Kiburi cha Shangazi

Kaka yangu alipopata mtoto wa kwanza, niliropoka mbele ya ukoo mzima: "Blanketi la arubaini nitashona mwenyewe, tena la viraka!" Hakuna aliyeniomba. Wifi alikuwa ameshaletewa mablanketi mawili ya dukani yenye picha za dubu. Lakini shangazi akishasema amesema, na siku zilikuwa zimebaki ishirini na mbili.

Viraka havikunipa shida. Kigoma vitenge vipo, na fundi wangu wa Mwanga alinijazia kiroba kizima cha mabaki, akashukuru yeye kuliko mimi. Nikakata vipande 80, sentimita 12 kwa 12, nikavipanga sakafuni nane kwa kumi. Hesabu ya kichwani: 96 kwa 120. Kwamba mshono nao unakula sentimita moja kila upande, na kwamba blanketi lingetoka 80 kwa 100, hilo nilikuja kulijua baadaye. Wakati ule nilikuwa bado naimba.

Kuimba kuliisha nilipofunua cherehani ya marehemu mama, ile nyeusi ya kukanyaga. Nikainama niweke bobini, kile kidude kinachobeba uzi wa chini, hamna pa kuiweka. Kile kikopo cha chuma kinachoimeza bobini, chenye kaulimi ka kuvutia, hakipo. Nikamwita mwanangu wa darasa la pili.

"Kile kigurudumu?" akauliza.

"Kigurudumu gani?"

"Nilikifunga kwenye gari langu la boksi."

"Lete hilo gari."

Gari alishaliuza shuleni, kwa barafu mbili.

Sasa ingia dukani uulize kitu usichokijua jina. "Kaka, una nyumba ya bobini?" Akanimwagia bobini mezani. Nikamwambia si bobini, ni kile inachokaa ndani yake. Akaniletea boksi la kuhifadhia bobini. Duka la pili nikachora kwenye kiganja. Yule dada akatazama mchoro, akanitazama mimi, akasema vifuniko vya chupa hawauzi. La tatu wakakijua mara moja, wakaniambia kimekwisha na aliyekichukua cha mwisho ametoka hapo sasa hivi. Nilitoka mbio kumtafuta mtu nisiyemjua sura.

Nikapiga simu Dar. "Cherehani yako ya zamani?" Ya zamani sana, nikajibu kwa majivuno. Kosa ni hilo. Mzigo ukasafiri kwa basi zaidi ya kilomita 1,200, nikaufungua mbele ya watu, ndani kikatoka kichuma kirefu kilichochongoka ncha kama mtumbwi. Kumbe zamani kuna zamani na zamani: kuna cherehani za mababu ambazo uzi wa chini ulikaa kwenye kijimtumbwi hicho, kinakwenda na kurudi chini ya sindano. Yangu mbele ya hizo ni mtoto wa juzi. Mjomba alikigeuzageuza, akasema, "Umeagiza mtumbwi Dar, uletwe Kigoma?" Alicheka mpaka akakohoa.

Zimebaki siku tisa. Mtu mmoja akanielekeza kwa mzee fundi wa Ujiji. Ujiji ndiko Stanley alikompata Livingstone mwaka 1871. Nikajisemea, kama mzungu mzima alipotea akapatikana kule, kikopo cha bobini kitashindikana?

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nyeusi ya kukanyaga?"

Sijasema kitu bado. Akavuta kopo la siagi lililojaa vyuma, akachambua kama anatoa mawe kwenye mchele, akatoa kimoja. Akatia bobini yenye uzi, akakining'iniza kwa huo uzi kama buibui, halafu akatikisa mkono kidogo tu. Kikashuka urefu wa kidole, kikasimama. "Kingeporomoka mpaka chini, uzi umelegea. Kingegoma kabisa, umekaza mno. Hiki kinajua kazi." Nikataka kumbusu. Nilipokuwa napanda daladala akanipigia kelele kutoka kibarazani: "Usisahau mafuta!"

Hakusema mafuta gani.

Hapa namrudia mjomba, maana lawama nusu ni zake. Jioni ile alikuwa anasimulia MV Liemba kwa mara ya elfu: meli ya Wajerumani ya mwaka 1913, waliizamisha wenyewe 1916, lakini kwanza mitambo wakaipaka grisi nzito. Mwaka 1924 ikaibuliwa kutoka chini ya maji, mwaka 1927 ikarudi kazini. "Mafuta mazito, mwanangu! Siyo hayo maji yenu ya kwenye kichupa." Nyumba ya Kigoma mafuta mazito inayo ndoo nzima. Nikapasha mawese, nikayamimina kila palipo na tundu.

Usiku ule cherehani ilikwenda kama siyo yenyewe! Safu sita bila uzi kukatika. Nililala najiona fundi.

Asubuhi, mvua imenyesha, kibaridi kipo. Nakanyaga, haiendi. Nakanyaga kwa miguu yote miwili, mkanda ukachomoka ukanichapa goti. Nikafungua chini: mawese yameganda, rangi ya chungwa kila kona, kama ugali uliolala. Mwanangu akachungulia akauliza kama tunapika maharage.

Nikaibeba nikaianika juani. Saa saba inazunguka vizuri, nikafurahi, nikaweka tabaka zote tatu: viraka juu, blanketi kuukuu katikati, shuka chini. Sindano namba 14 ikavunjika. Ya pili ikavunjika. Nikatia namba 18, nene zaidi, ikapenya, na mawese nayo, yaliyokwishayeyuka, yakaanza kuifuata sindano tone baada ya tone. Kila baada ya shubiri, doa. Nilisema maneno ambayo siyaandiki hapa. Mwanangu aliyaandika, mwalimu akaniita.

Mafuta ya taa ndiyo yaliyoniokoa, niliosha kila chuma siku nzima, kisha nikanunua kile kichupa cha mafuta ya cherehani alichokidharau mjomba. Blanketi likaisha usiku wa kuamkia arubaini. Nikalifua mara mbili. Mara ya pili ndipo nikatazama sabuni niliyoshika: sabuni ya mawese.

Kwenye shughuli nikalikunjua kwa mbwembwe. Vigelegele. Wifi akamfunika mtoto, bibi yake mtoto akainama ambusu, akasita. Akanusa. Akanusa tena, safari hii amefumba macho.

"Jamani," akasema, "huyu mtoto mbona ananukia mchuzi?"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Mjomba, mnafiki yule, alikuwa wa kwanza kucheka.

Mtoto sasa ana miezi saba na hilo blanketi hataki liondolewe, analinyonya pembe ileile yenye doa kubwa. Yale ya dubu hayagusi. Juzi wifi kanipigia simu, anataka lingine la kubadilishia.

"Ila wifi," akasema, "la safari hii usiunge."