Mkono Ulionyooshwa Ulingoni: Ngumi au Uzio?

Bondia mrefu anaunyoosha mkono wake wa mbele, anaukita kwenye paji la uso la mpinzani mfupi, kisha anauacha palepale. Mfupi anapiga hatua mbele na kichwa chake kinarudishwa nyuma. Anazungusha ngumi ya pembeni nayo inakata hewa. Mkono ule haupigi, lakini pia hauondoki. Baadhi ya watazamaji wanazomea wakidai huo ni ubabaishaji, wengine wanashangilia wakisema hiyo ndiyo akili ya mchezo, na mara nyingi refa hasemi lolote. Je, ni haki kumzuia mpinzani kwa namna hiyo?

Wanaoutetea mkono huo wana hoja nzito. Urefu wa mikono ni maumbile, na ngumi ni mchezo wa umbali kabla haujawa mchezo wa nguvu. Wladimir Klitschko, bingwa wa zamani wa uzito wa juu mwenye kimo cha sentimita 198 na upana wa mikono wa sentimita 206, hakuwa na sababu ya kujikunja ili mpinzani wake amfikie kwa urahisi, kama ambavyo hakuna anayemtaka bondia mfupi aache kujipenyeza chini ya ngumi za mrefu. Kila kocha humfundisha mwanafunzi wake kupima nafasi kwa mkono wa mbele: kugusa glovu ya mpinzani, kumvuruga, kumfanya asite nusu sekunde kabla hajaingia. Ukiuharamisha mkono ulionyooka kwa jumla, utakuwa umeiharamisha pia ngumi ya kunyoosha, ambayo ndiyo msingi wa mchezo wote.

Tena, mkono uliotangulizwa una gharama yake. Kwa muda wote ulioko mbele, mbavu za upande huo ziko wazi na kidevu hakina bega la kukifunika. Tarehe 19 Juni 1936 mjini New York, Joe Louis, ambaye hadi usiku huo hakuwa amepoteza pambano hata moja la kulipwa, alikuwa na kawaida ya kuurudisha mkono wa kushoto ukiwa chini kila alipomaliza kupiga nao. Mpinzani wake, Max Schmeling, alikuwa ameligundua kosa hilo mapema, akawa anaupitisha mkono wake wa kulia juu ya ule wa kushoto wa Louis mara kwa mara, hadi akammaliza katika raundi ya 12. Mkono unaochelewa kurudi kwenye ulinzi huadhibiwa na mpinzani mwenyewe, na kwa sababu hiyo wapo wanaoamini kwamba refa hana haja ya kuingilia.

Hoja hiyo naikubali, ila inahusu mkono ulio hewani. Mkono uliokwisha kumfikia mpinzani na kubaki juu yake ni jambo jingine kabisa. Tangu kanuni za Queensberry za mwaka 1867, zilizoweka msingi wa ngumi za kisasa, kushikana na kukumbatiana kumekatazwa ulingoni, na kanuni za leo zinataja kusukuma na kupiga kwa glovu iliyofunguliwa kuwa makosa. Ngumi za ridhaa zimekwenda mbali zaidi: katika orodha yake ya makosa limo kosa la kuuweka mkono wa mbele ukiwa umenyooka ili kumziba mpinzani macho. Walioandika kifungu hicho walijua walichokuwa wakikilenga. Itazame glovu kwa karibu inapokaa usoni mwa mtu: kiganja kimekunjuka, kidole gumba kiko jirani na jicho, na mkono wa nyuma unaandaliwa mahali ambapo anayezibwa macho hawezi kuuona ukija. Hapo ngumi inapigwa kutoka nyuma ya pazia.

Mfano mkubwa wa mikono iliyotumika kusukuma ni wa George Foreman mjini Kingston, Januari 1973. Mpinzani wake, Joe Frazier, alipigana kwa kuinama na kumganda mpinzani kifuani. Foreman akawa anamsukuma mabegani ili apate nafasi, kisha anamkaribisha kwa ngumi ya kupanda. Frazier aliangushwa mara 6 katika raundi 2. Sisemi kwamba bila kusukuma matokeo yangegeuka, maana nguvu za Foreman usiku ule zilitisha. Hata hivyo, nafasi ambayo bondia anapaswa kuitafuta kwa miguu ilikuwa ikipatikana kwa viganja.

Pambano la Klitschko na Alexander Povetkin mjini Moscow, Oktoba 2013, linaniuma zaidi. Povetkin, aliyepungukiwa sentimita 10 za kimo, kila alipoingia ndani alisukumwa, alishikwa, au alibebeshwa uzito wa mwili wa Klitschko shingoni. Aliangushwa mara 4, na majaji wote watatu walimpa Klitschko ushindi wa 119 kwa 104. Klitschko alikuwa bora, hilo halina ubishi, lakini mtindo ule ulidumu karibu pambano zima na pointi iliyokatwa ni moja tu, katika raundi ya 11.

Kwangu mimi, kipimo ni kile mkono unachofanya baada ya kufika. Ukigusa na kurudi, hata mara mia, ni halali. Ukifumbata ngumi na kuelea mbele ya mpinzani bila kumkalia, ni halali pia, kwa kuwa anaweza kuupangua au kuupita. Ukikaa juu ya uso au shingo, au ukisukuma kwa kiganja wazi, umegeuka uzio, na kanuni hazimpi bondia ruhusa ya kujenga uzio. Haki hiyohiyo imbane na mfupi: anayeingia kwa kichwa, au anayeinama chini ya mkanda akijua hawezi kupigwa hapo, naye anajikinga isivyo halali, na mara nyingine mrefu hunyoosha mkono kwa kuliogopa paji la uso linalomjia mdomoni.

Waamuzi wa mapigano ya mchanganyiko (MMA) walikumbana na tatizo la jirani, la vidole vilivyonyooshwa kuelekea machoni, na tangu mwaka 2017 kanuni zao zilizounganishwa zinalihesabu tendo lenyewe kuwa kosa, hata kabla jicho halijaguswa. Ngumi za kulipwa hazihitaji kifungu kipya. Zilizopo zinatosha, iwapo refa atazitumia mapema. Katika pambano la raundi 12, onyo likitolewa raundi ya 2, na pointi ikakatwa raundi ya 4, bondia mrefu ana raundi 8 za kurudi kwenye ngumi zake halisi. Likingoja hadi raundi ya 11, mfupi ameshatumia nusu saa akipambana na kiganja.