Mseto wa Erfurt na kura za kuviziana

Jioni ya tarehe 5 Februari 2020 nilishuka tramu pale Anger, katikati ya Erfurt, mji mkuu wa jimbo la Thüringen huku Ujerumani, nikakuta watu wanaelekea ofisi ya Waziri Mkuu wa jimbo. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Mama mmoja mzee alishika kipande cha boksi chenye tarakimu nne tu za kalamu nene: 1930. Nikamuuliza maana yake. Akanitazama usoni, akasema, "Wewe hasa inakupasa kuijua." Kisha akaendelea kutembea.

Sina kura hapa. Pasipoti yangu bado ni ya Tanzania. Lakini kodi nalipa, mwanangu anasoma hapa, na wanaokaa katika bunge la jimbo la Thüringen wanaamua habari za shule yake na za polisi wanaonisimamisha barabarani. Kwa hiyo habari ya nani anaunda serikali na nani siichukulii kama mchezo wa wakubwa.

Mchana ule bunge lilikuwa linamchagua Waziri Mkuu. Uchaguzi wa Oktoba 2019 ulikuwa umeacha hesabu ngumu: viti 90, na Bodo Ramelow wa chama cha mrengo wa kushoto, Die Linke, pamoja na wenzake wa SPD (chama cha wasoshalisti wa wastani) na wa chama cha Kijani walikuwa na 42. Walipungukiwa vinne. CDU, wahafidhina wa wastani, walikuwa na 21, AfD ya siasa kali za mrengo wa kulia 22, na waliberali wa FDP watano, tena walioingia bungeni kwa kura chache mno kupita kizingiti cha asilimia 5. Katiba ya jimbo inasema katika duru mbili za kwanza mgombea lazima apate zaidi ya nusu ya wabunge wote, ila duru ya tatu anayeongoza ndiye anayechukua.

AfD walikuwa na mgombea wao, meya wa kijiji kidogo. Katika duru ya kwanza alipata kura 25, ya pili 22. Duru ya tatu ndipo FDP wakamsimamisha Thomas Kemmerich. Kura zikahesabiwa: Kemmerich 45, Ramelow 44, mmoja hakuchagua upande. Yule meya akapata sifuri. Chama kizima kilimwacha mgombea wake kwenye mataa, kikahamia kimyakimya kwa mtu wa chama cha wabunge watano. Kemmerich aliulizwa kama anakubali. Akakubali. Susanne Hennig-Wellsow, kiongozi wa wabunge wa Die Linke, alikuwa ameandaa shada la maua kwa ajili ya Ramelow. Akamwendea Kemmerich na kulitupa miguuni pake.

Lile shada niliona likirudiwa kwenye televisheni mara nyingi sana, na watu wakabishana kuhusu adabu. Mimi kilichoniuma ni ile sifuri. Waliotoa kura za CDU na FDP walisema hawakushirikiana na AfD, hawakukaa nao wala hawakuandikiana chochote. Lakini serikali ilikuwa imezaliwa, na mahesabu yake hayakamiliki bila AfD. Huo ni mseto, hata kama hauna karatasi. Tena ni mseto wa hatari zaidi, kwa sababu hakuna aliyejifunga kwa lolote mbele ya mwananchi, na aliyekusaidia atakuja kudai chake baadaye gizani.

Turudi kwenye lile boksi. Nilipofika nyumbani nilisoma mpaka usiku wa manane. Desemba 1929 chama cha Hitler kilipata viti 6 kati ya 53 katika bunge la Thüringen, lililokuwa likikaa Weimar. Viti sita tu. Vyama vya mrengo wa kulia vilihitaji sita hizo ili vitawale bila wasoshalisti, vikaona ni bei nafuu. Januari 1930 Wilhelm Frick akapewa wizara ya mambo ya ndani na ya elimu, akawa waziri wa kwanza wa Kinazi katika serikali yoyote ya jimbo Ujerumani. Polisi na shule, vyote mkononi mwake. Aprili hiyohiyo alitoa amri dhidi ya kile walichokiita utamaduni wa weusi, muziki wa jazi ukiwa shabaha yao kubwa. Chuo kikuu cha Jena kilisukumiwa profesa wa nadharia za ubora wa mbari. Picha za wasanii wa kisasa zikaondolewa kwenye makumbusho ya Weimar. Frick alidumu mwaka mmoja na miezi kadhaa, bunge likamwondoa kwa kura ya kutokuwa na imani naye, lakini alishajifunza kazi. Mwaka 1933 aliifanya kwa nchi nzima.

Basi nikaelewa kwa nini yule mama aliniambia vile.

Kemmerich alitangaza kujiuzulu siku iliyofuata. Angela Merkel wa CDU, Kansela wa Ujerumani wakati huo, akiwa ziarani Afrika Kusini, alisema jambo lile halisameheki na matokeo yake lazima yabatilishwe. (Mahakama ya Katiba ilikuja kuamua mwaka 2022 kwamba kwa kusema hivyo akiwa Kansela alivunja haki ya AfD ya kutendewa sawa na vyama vingine. Nauheshimu uamuzi huo. Dola isimamie sheria hata kwa wasiostahili huruma yangu.) Machi 4 Ramelow alirudi madarakani kwa kura 42 katika duru ya tatu, CDU wakijizuia kupiga kura.

Kwetu neno mseto linamkumbusha mtu Kenya ya 2008, nusu mkate uliogawanywa baada ya damu kumwagika. Katika majimbo ya Ujerumani mseto ni chakula cha kila siku. Hata mseto wa CDU, SPD na Kijani wanauita "Kenya", kwa sababu rangi zao ni nyeusi, nyekundu na kijani kama za bendera ile; wa kwanza ulipikwa Magdeburg, mji mkuu wa jimbo jirani la Sachsen-Anhalt, mwaka 2016. Wanakaa majuma mengi, wanaandika mkataba, wanachama wanausoma, ndipo unapigiwa kura. Wageni wengi tunaona ni uvivu. Mimi nimeacha kuona hivyo. Kila ukurasa wa mkataba ni jambo ambalo hakuna atakayelidai gizani.

Kosa la CDU, kwa maoni yangu, lilianza kabla ya 2020. Mkutano mkuu wao wa Hamburg, Desemba 2018, uliamua kwamba chama hakitashirikiana na AfD wala na Die Linke. Viwili vikawekwa kwenye mizani moja. Sikatai kwamba Die Linke kimerithi historia ya chama kilichotawala Ujerumani Mashariki, na wapo watu wa rika la yule mama walioonja magereza yake. Lakini Ramelow alitawala jimbo hili tangu 2014, akashindwa bungeni akaondoka, akachaguliwa akarudi. Mtu huyo humweki kwenye mizani moja na tawi la AfD la hapa jimboni, la Björn Höcke, ambalo idara ya jimbo ya kulinda katiba imeliweka rasmi katika kundi la wenye msimamo mkali. Ukiwafungia mlango wote wawili wakati kwa pamoja wana zaidi ya nusu ya bunge, hujalinda chochote. Umejilazimisha kutegemea kura ya mtu usiyetaka kuzungumza naye.

Septemba 2024 hesabu ilirudi ikiwa mbaya zaidi. AfD walikuwa wa kwanza, asilimia 32.8, viti 32 kati ya 88, zaidi ya theluthi, yaani hakuna mabadiliko ya katiba yanayopita bila wao. Mario Voigt wa CDU aliungana na SPD na chama kipya cha BSW cha Sahra Wagenknecht. Wakajumlisha: 44. Nusu kamili, hata moja ya ziada hakuna. Safari hii, kabla ya kura, walikaa na Die Linke wakakubaliana jinsi chama hicho kitakavyoshirikishwa katika kazi za bunge. Hawakuuita mseto. Jina si hoja yangu; walizungumza.

Desemba 12 nilikuwa kazini, simu nimeiegemeza kwenye kikombe cha chai. Duru ya kwanza: Voigt, kura 51. Nilijumlisha mara mbili. Hakukuwa na duru ya tatu.

Lakini uamuzi wa Hamburg haukufutwa siku ile. Nataka CDU waufute, upande mmoja tu, ule wa Die Linke, kabla Thüringen haijapiga kura tena. Waufute mkutanoni, mchana, kwa mikono iliyoinuliwa.