Injini Ikisema Fumbo Limevunjika

Mwaka 1851 Josef Kling na Bernhard Horwitz walichapisha jijini London kitabu cha mafumbo ya sataranji, yale ya mwisho wa mchezo, kete zikiwa zimebaki chache. Humo walitoa hukumu kuhusu maaskofu wawili dhidi ya farasi mmoja: farasi akijichimbia b7 (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari wake), mfalme wake akiwa ubavuni, ni sare. Vitabu vikairudia hukumu hiyo kwa zaidi ya miaka 130. Kisha mwaka 1983 Ken Thompson wa Bell Labs, Marekani, akaipa kompyuta kazi ya kukokotoa nafasi zote za kete hizo tano. Ikaonekana kwamba maaskofu hushinda karibu kila mara. Boma la b7 hubomoka. Farasi akifukuzwa hukimbilia pembe nyingine ajenge jingine, lakini mwenye maaskofu akicheza bila kosa humuwahi. Kazi yenyewe inaweza kufika hatua 66, na nyingi kati yake hata bingwa hawezi kukueleza kwa nini ni hiyo na si nyingine.

Siku hizi huhitaji maabara. Mwenye simu anaweza kulipitisha fumbo la karne iliyopita kwenye Stockfish, programu ya kuchambua sataranji ya aina inayoitwa injini, na kabla chai haijapoa akatangaza kuwa limevunjika, yaani dai la mtunzi halisimami. Ndipo ubishi unapoanzia. Wapo wanaosema fumbo bovu liondolewe vitabuni, jina kubwa la mtunzi lisilikinge. Wengine wanasema mashine inapekua sanaa kama polisi anavyopekua mizigo, na mwisho wa siku kilichobaki ni orodha ya makosa ya marehemu.

Nianze na wenye mashine, kwa kuwa kwa jambo la msingi wana haki. Fumbo la aina hii ni dai. Mtunzi anaposema "weupe wacheze na washinde", anaahidi kwamba ushindi upo hata weusi wajitetee vipi. Weusi wakiwa na upenyo ambao hakuuona, ule mfululizo mzuri wa hatua unabaki hadithi ya mpinzani aliyekosea. Anayelipenda fumbo la namna hiyo kwa sababu tu amelizoea, anapenda kumbukumbu zake.

Tena ukaguzi haukuletwa na kompyuta. Fumbo mashuhuri kuliko yote, la Saavedra, ni tunda la kukosoana. Mwaka 1895 Georges Barbier alichapisha katika gazeti moja la Glasgow nafasi ya askari mmoja dhidi ya ngome, akidai kuwa weusi wanapata sare. Padri Fernando Saavedra, Mhispania aliyekuwa akiishi mjini humo, akaona alichokosa mwandishi. Weupe wana mfalme b6 na askari c6. Weusi wana mfalme a1 na ngome d5. Askari anasogea c7, ngome inampiga mfalme cheki baada ya cheki, naye anateremka hadi c2. Hapo ngome inakaa d4 na kutega: askari akifika mwisho wa ubao, ambako hugeuzwa kete nyingine, na akigeuzwa malkia, ngome inajitoa c4 kwa cheki, malkia anaila, na mfalme mweusi hana pa kwenda wala hashambuliwi. Sare. Saavedra akamgeuza askari kuwa ngome. Sasa kuna tishio la kumfunga mfalme kwa a8, ngome nyeusi inalazimika kwenda a4, mfalme mweupe anaingia b3, na kwa hatua hiyo moja anaishambulia ngome huku akitishia kumaliza mchezo kwa c1. Bila jicho la msomaji mkaidi, nafasi ile ingesahaulika.

Lakini ipitishe nafasi hiyohiyo kwenye majedwali ya kompyuta, yaliyokokotoa kila nafasi ya kete chache hadi mwisho, uone. Katika hatua ya nne, mfalme akiwa b4 na ngome imempiga cheki kutoka d4, jedwali linasema kuna hatua mbili za kushinda: mfalme kwenda b3, ambayo ndiyo ya vitabuni, na kwenda c3 pia. Kwa sheria kali hiyo ni kasoro, maana njia inatakiwa iwe moja. Ukiifuata c3, ngome inakwenda d1, mfalme anaingia c2, ngome inarudi d4, na uko palepale. Njia mbili, mlango mmoja. Mashine haina habari na hilo. Kwake kushinda ni kushinda. Kuamua kama njia ya pili imeua fumbo au imelikwaruza tu ni kazi ya mtu anayejua fumbo lilikusudia nini, na wapekuzi wengi huifanya kwa haraka mno.

Kuna jingine linalochanganywa kila siku. Jedwali ni ushahidi kamili, lakini linaishia kwenye kete saba, wafalme wakiwemo. Zikizidi hapo unasikiliza injini, na injini inatoa maoni. Maoni yenye nguvu, sikatai. Ila boma lisilobomoka huweza kuisumbua: inaendelea kuonyesha kwamba weupe wako mbele sana ilhali hawana pa kupenya. Anayesema "Stockfish imekataa" bila kuonyesha hatua zenyewe hajathibitisha chochote.

Hata jedwali lina mtego wake. Yale ya Syzygy, yanayotumiwa sana, huzingatia kanuni ya hatua 50, inayompa mchezaji haki ya kudai sare iwapo hatua 50 zimepita bila kete kuliwa wala askari kusogea. Kwenye mafumbo kanuni hiyo haihesabiwi. Mkaguzi asiyelijua hilo anaweza kuliita sare fumbo lenye ushindi halali.

Mashine pia imewaheshimisha watu. Alexey Troitsky alichambua kwa mkono jinsi farasi wawili wanavyoweza kumshinda mfalme mwenye askari mmoja. Mpaka aliouchora, unaoonyesha askari akizuiwa wapi ushindi unakuwa wa uhakika, umethibitishwa na kompyuta. Yeye mwenyewe alifariki Leningrad mwaka 1942, mji ukiwa umezingirwa.

Kwa hiyo sioni sababu ya kufuta. Mholanzi Harold van der Heijden ana mkusanyo wa mafumbo zaidi ya 90,000, na humo yenye kasoro hayatupwi, yanawekewa alama. Ndivyo ningependa vitabu vifanye: la 1851 libaki, na chini yake iandikwe kwamba hukumu ilipinduliwa mwaka 1983. Ukali wangu ningeuhamishia kwa watunzi wa leo. Wapo wanaochimba nafasi ndani ya majedwali, wakakuta moja yenye njia ya pekee, wakaitia jina lao. Nafasi hizo hazina kasoro hata chembe, na mara nyingi hazina wazo. Wakizipeleka mashindanoni, waseme zimetoka wapi.