Mmiliki mmoja, klabu mbili: Crystal Palace na sheria ya Uefa

Jumamosi ya tarehe 1 Machi 2025, Crystal Palace ya London ilikuwa nyumbani kwake Selhurst Park ikicheza na Millwall katika raundi ya tano ya Kombe la FA. Mechi haijatimiza dakika kumi, kipa wa Millwall akatoka nje ya eneo lake kuuwahi mpira na kumpiga teke kichwani mshambuliaji wa Palace, Jean-Philippe Mateta. Kipa alionyeshwa kadi nyekundu, Mateta akakimbizwa hospitali na kushonwa nyuzi 25 sikioni, na Palace ikashinda 3-1. Siku hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwa klabu zote zinazoweza kushiriki mashindano ya Ulaya kuionyesha Uefa, shirikisho la soka la Ulaya, kwamba hakuna mtu mmoja mwenye mamlaka, au ushawishi wa kuamua mambo, katika klabu mbili za mashindano yale yale. Palace ilikuwa katikati ya msimamo wa ligi, na ili ilibebe kombe ilihitaji kushinda mechi nyingine tatu.

Ikazishinda zote. Tarehe 17 Mei, Wembley, Daniel Muñoz alimimina krosi kutoka kulia na Eberechi Eze akaiunganisha moja kwa moja wavuni dakika ya 16; kisha Dean Henderson akapangua penalti ya Omar Marmoush, na Manchester City ikalala 1-0. Lilikuwa kombe kubwa la kwanza katika historia ya Palace, na lilikuja na tiketi ya Ligi ya Europa. Tiketi hiyo ilitolewa mikononi mwao tarehe 11 Julai, Uefa ilipoishusha Palace hadi Ligi ya Conference, mashindano ya ngazi ya chini yake, kwa sababu mwekezaji wa Marekani John Textor, kupitia kampuni yake ya Eagle Football, alikuwa na hisa Palace na pia aliimiliki Lyon ya Ufaransa, ambayo nayo ilikuwa imefuzu Ligi ya Europa. Mwezi mmoja baadaye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliitupa rufaa ya Palace.

Nianze na upande wa Uefa, kwa sababu katika hasira za mwaka ule hoja zake hazikusikilizwa ipasavyo. Sheria hii haikutungwa kwa hofu ya kufikirika tu. Katika robo fainali za Kombe la Washindi barani Ulaya mwaka 1998, klabu tatu kati ya nane, yaani AEK Athens, Slavia Prague na Vicenza, zilikuwa na mkono wa kampuni moja ya uwekezaji, ENIC. Hata kama kila mchezaji alicheza kwa moyo wake wote, mtazamaji anayejua kwamba mwenye mali ni yule yule pande zote mbili hawezi kuitazama pasi mbovu ya dakika ya 89 kwa macho yale yale. Uefa ikapiga marufuku, klabu za ENIC zikaenda mahakamani, na mwaka 1999 mahakama hiyo hiyo ya michezo ikakubali kwamba imani ya watazamaji ni jambo linalostahili kulindwa kwa sheria.

Kuna pia suala la fedha, na kwangu hili ndilo zito zaidi. Tangu mwaka 2022 Uefa imeweka kanuni kwamba mishahara, gharama za usajili na ada za mawakala zisizidi sehemu fulani ya mapato, sehemu iliyopunguzwa hatua kwa hatua kutoka asilimia 90 hadi 70. Kanuni ya namna hiyo ina maana pale tu ambapo klabu inajitegemea kihesabu. Mwenye klabu nne anaweza kumsajili mchezaji kwa klabu isiyobanwa na kumchezesha kwenye ile inayobanwa. Mwaka 2023, Lyon ikiwa chini ya uangalizi mkali wa wakaguzi wa fedha wa soka la Ufaransa, winga Ernest Nuamah alinunuliwa na Molenbeek ya Ubelgiji, klabu nyingine ya Textor, kwa kiasi cha euro milioni 25, kisha akapelekwa Lyon kwa mkopo papo hapo. Savinho naye alisajiliwa na Troyes, klabu dada ya Manchester City, akapita PSV na Girona hadi akafika City bila kuichezea Troyes hata mechi moja. Shabiki wa Troyes aliyelipa kiingilio chake ana haki ya kuuliza klabu yake ipo kwa ajili ya nani.

Upande wa pili nao una uzito. Palace ilieleza kwamba Textor, ingawa alikuwa mwanahisa mkubwa kuliko wote, alikuwa na robo tu ya kura, sawa na wenzake watatu, na kwamba shughuli za kila siku ziliongozwa na mwenyekiti Steve Parish. Sikumbuki usajili wowote uliotoka Lyon kwenda Selhurst Park wa aina ya ule wa Nuamah. Textor mwenyewe aliziuza hisa zake kwa tajiri wa Marekani Woody Johnson, na mauzo hayo yalikamilika Julai, kabla msimu mpya haujaanza. Mahakama ilijibu kwamba alikuwa mjumbe wa bodi mwenye ushawishi wa kuamua mambo katika klabu zote mbili siku ya tathmini, na kwamba kanuni haziachi nafasi kwa klabu ambayo siku hiyo haijatimiza masharti. Kisheria sioni kosa katika jibu hilo. Tarehe ilijulikana, na bila tarehe kila klabu ingeuza hisa pale tu inapofuzu.

Kinachonisumbua ni mlango mwingine uliokuwa wazi. Mwaka 2024 Manchester City na Girona, zenye mkono wa mwekezaji mmoja, zilifuzu Ligi ya Mabingwa pamoja, na Manchester United na Nice, nazo zenye mkono wa mwekezaji mmoja, zikafuzu Ligi ya Europa pamoja. Zote nne ziliruhusiwa kucheza, kwa kuwa hisa za Girona na za Nice ziliwekwa kwa muda mikononi mwa wadhamini huru ambao mwenye mali haruhusiwi kuwaelekeza. Masharti hayakuwa mchezo. United ilizuiwa kumsajili Jean-Clair Todibo kutoka Nice, akaishia West Ham. Lakini msimu ukiisha hisa hurudi kwa mwenyewe, na kila mtu, wakiwemo wadhamini, anajua kwamba zitarudi. Husemwa kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huu ulimkata aliyeuza hisa zake moja kwa moja, ila kwa kuchelewa, na ukampitisha aliyeziazimisha mapema.

Isitoshe, klabu mbili zinapogongana na zimefuzu mashindano yale yale, anayebaki ni aliyemaliza juu zaidi katika ligi ya nchi yake. Lyon ilikuwa ya sita, Palace ya 12. Hivyo bingwa wa Kombe la FA alipisha njia kwa klabu ambayo Juni 2025 wakaguzi wa Ufaransa walikuwa wameishusha daraja kwa matatizo ya fedha kabla ya rufaa kuiokoa, na ambayo Uefa ilikuwa imeipiga faini ya euro milioni 12.5 kwa kuvunja kanuni za mapato na matumizi. Katika nyumba hiyo ya Textor, deni lilikuwa Lyon na adhabu ikatua London.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka sheria ilegezwe. Ningependa ikazwe pale ilipo laini: wadhamini wa muda waondolewe, na anayetaka klabu mbili Ulaya auze moja kweli kweli. Na klabu zinapogongana, ibaki ile yenye hesabu safi kwanza, ndipo msimamo wa ligi uangaliwe. Palace iliufungua msimu wake wa kwanza Ulaya baada ya miaka mingi kwa mechi ya mchujo dhidi ya Fredrikstad ya Norway, tarehe 21 Agosti, na bao pekee la usiku ule Selhurst Park lilifungwa na Mateta.